Kabla ya kuangalia mlima, angalia kitanda kipo mita ngapi: kuchagua resoti ya kuskii wakati mwinuko unakunyima usingizi

Kila ikifika Oktoba na Novemba familia nyingi hapa Marekani zinaanza kutafuta sehemu ya kwenda kuskii, yani kuteleza kwenye theluji, Desemba au kwenye likizo ya Machi, na siku hizi Waswahili tumo humo humo, watoto wamezaliwa huku, wenzao shuleni wanaenda na wao wanataka kwenda. Kinachofuata waliowahi wanakijua. Unafungua simu, unaona picha za Breckenridge kule Colorado, mji mzuri, mteremko wa watoto upo hapo hapo, bei imekubali, unalipa. Alafu usiku wa kwanza baba mzima analala dakika ishirini anashtuka, analala tena anashtuka tena, saa tisa usiku yupo dirishani anaangalia theluji, kichwa kinagonga, na asubuhi saa mbili watoto wanatakiwa wawe wameshavaa buti.

Usiku wa pili hivo hivo. Watu wanasingizia godoro, wanasingizia hita, uchovu wa safari, wengine wanasema ni umri. Mara nyingi ni mwinuko tu, na ni kitu ambacho ungeweza kukijua kabla hujatoa hata senti.

Ninachotaka kieleweke ni kimoja: namba ya kuangalia ni ya pale kitanda kilipo. Matangazo yanakuonyesha kilele, manake kilele ndio kinauza, futi elfu kumi na ngapi huko, lakini kileleni unakaa dakika chache unateleza unashuka. Kitandani unakaa saa nane, tena ukiwa umelala, na usingizini ndipo mwili unapojitetea vibaya zaidi dhidi ya mwinuko. Resoti mbili zinaweza kuwa na vilele vinavyokaribiana na usiku wake ukawa tofauti kabisa.

Tuanze na mwili wenyewe, manake ukishauelewa hayo mengine hayakupi shida. Hewa ya mlimani haijapungua oksijeni kwa asilimia, Breckenridge ni asilimia 21 kama Tanga. Kilichopungua ni presha ya hewa, ile nguvu inayoisukuma oksijeni itoke kwenye mapafu iingie kwenye damu. Mji wa Breckenridge upo mita 2,926, na kwa urefu huo presha ni kama asilimia 70 ya ile ya usawa wa bahari, kwa hiyo kila pumzi unayovuta inakupa oksijeni pungufu kwa karibu theluthi.

Mchana mwili unajimudu. Shingoni, kwenye ile mishipa mikubwa inayopeleka damu kichwani, kuna vitu vidogo sana kazi yake ni kupima oksijeni, vikiona imeshuka vinaamuru upumue haraka na kwa kina zaidi, na unapumua. Shida ni kwamba ukipumua sana unatoa pia hewa ukaa nyingi, na ukiwa umelala hiyo hewa ukaa ndio inayoukumbusha ubongo kwamba pumzi inatakiwa. Ikishuka chini ya kiwango fulani ubongo unaona hakuna haja, unasimamisha. Sekunde kumi, wakati mwingine zaidi, kimya. Oksijeni inaporomoka, hewa ukaa inapanda, amri inatoka, unavuta mapumzi makubwa makubwa, hewa ukaa inatoka nje tena, ubongo unasimamisha tena. Ni kama dereva anayejifunza, akikanyaga mafuta anazidisha, akikanyaga breki anazidisha, na gari linakwenda kwa kurukaruka usiku kucha.

Ukitaka kuliona jambo lenyewe, kaa macho karibu na mtu aliyelala huko juu usiku wa kwanza. Pumzi tatu nne, kila moja kubwa kuliko iliyopita, alafu zinapungua, alafu kifua kinatulia kabisa. Unahesabu. Moja, mbili, tatu, unafika nane, tisa, mkono wako umeshainuka umtikise, ghafla anavuta pumzi ndefu yenye sauti, anageuka upande wa pili, na mzunguko unaanza upya. Asubuhi hakumbuki chochote, anakuambia tu sijalala. Na kweli hajalala, manake kila pumzi ikirudi kwa nguvu inamtoa kwenye usingizi mzito hata kama hajafumbua macho. Kwa mtu mzima mwenye afya hali hiyo peke yake sio hatari, ila inaua likizo.

Kuna vitu viwili vinaongezea. Mwinuko unakukojoza, mwili unatoa maji ili ujirekebishe, kwa hiyo kuna safari za chooni. Na hewa ya milimani wakati wa baridi ni kavu sana, ukiongeza na hita ya chumbani pua inaziba, unalala mdomo wazi, unaamka koo kama limekwaruzwa, na watoto ndio zaidi, wengine wanatoka damu puani. Kimashine cha kuongeza unyevu chumbani kinasaidia hili la pua, hakisaidii lile la pumzi, watu wanavichanganya.

Sasa mwinuko gani ndio shida? Hakuna mstari mmoja kwa watu wote ila kuna vya kushikia. Mwaka 1993 madaktari wa Colorado walitoa utafiti wa wageni waliofikia kwenye sehemu za milimani za kati ya mita 1,900 na 2,950 hivi, mmoja kati ya wanne alipata ugonjwa wa mwinuko, yani kichwa, kichefuchefu, kuchoka, kukosa usingizi. Uswisi nako watafiti waliwatoa wanaume wazima wenye afya Zurich wakawalaza Davos kwenye mita 1,630 na juu zaidi kwenye mita 2,590, na hata kwenye urefu huo wa kawaida tu kukatika kwa pumzi kuliongezeka na usingizi mzito ukapungua kidogo, huku akili zao mchana zikifanya kazi kama kawaida. CDC, ile taasisi ya afya ya serikali ya Marekani, inashauri mtu anayetoka chini asilale juu ya mita 2,750 siku hiyo hiyo. Mimi kwa mtu ambaye tayari anajijua mwinuko unamsumbua naweka hivi: chini ya mita 1,500 lala bila wasiwasi, mpaka 2,000 wengi wanalala vizuri, kati ya 2,000 na 2,500 wenye usingizi mwepesi wataonja, na ukipita 2,500 jiandae kweli kweli au usiende.

Linganisha na nyumbani upate picha. Kibanda cha Mandara, kituo cha kwanza cha kulala kwenye njia ya Marangu ya Kilimanjaro, kipo mita 2,720. Yani familia iliyoamka Houston asubuhi ikalala Breckenridge usiku imelala juu kuliko mpanda Kilimanjaro anavyolala siku yake ya kwanza, na huyo mpandaji amepanda kwa miguu, pole pole, akiwa na guide pembeni anayemchunga. Waongozaji wa Kilimanjaro wana utaratibu wao, panda juu ulale chini, unatembezwa juu ya kambi mchana alafu unarudishwa chini kulala. Kwenye kuskii ni sheria hiyo hiyo, tofauti ni kwamba huku hakuna wa kukushika mkono, wewe ndio guide wa familia yako.

Alafu kuna hili la "mimi nimekulia Eldoret, mwinuko haunisumbui." Eldoret ni mita 2,100, Nairobi ni kama 1,700, ni kweli ulizoea, ila mazoea yale ya damu na pumzi yanaisha ndani ya wiki chache ukishashuka. Ukikaa Dallas miaka kumi mwili wako ni wa Dallas. Na wala mazoezi ya gym hayakukingi, kijana anayekimbia kilomita kumi kila asubuhi anaumwa kichwa huku bibi yake yuko sawa tu, inategemea mwili wa mtu, na kitu pekee kinachotabiri vizuri ni mara iliyopita ulikuwaje.

Sasa twende kwenye ramani, na nitakaa zaidi Colorado kwa sababu ndiko wengi wanakwenda na ndiko wengi wanakosa usingizi. Kundi lile maarufu lililo karibu na Denver lote limekaa juu: Breckenridge 2,926, Copper Mountain 2,960, Keystone 2,829, Winter Park kama 2,740. Mtu anasikia Breckenridge ni juu, anajiona mjanja, anachukua apatimenti Frisco au Dillon, na hiyo miji ipo zaidi ya mita 2,760. Silverthorne nayo ni zaidi ya 2,600. Yani bonde lile lote halina kitanda cha chini, unahama mji unapata nafuu ya mita mia moja mbili hivi, na bado hulali. Ukivuka mlima upande wa pili ndio unaanza kushuka, Vail ni kama 2,480, Avon chini ya Beaver Creek ni 2,265, na ukiendelea na barabara mpaka mji wa Eagle upo kama mita 2,000. Kwa hiyo mtu anaweza kuskii Beaver Creek mchana na kulala Eagle, na bei ya Eagle nayo sio ya Vail.

Lakini kama ni Colorado na lazima ulale, kwangu mimi jibu ni Steamboat. Mji upo mita 2,052, sehemu ya chini ya mteremko ni 2,100, na kilele ni 3,221, kwa hiyo watoto wanapata mlima mkubwa wa kweli na wewe unalala karibu mita 900 chini ya Breckenridge. Gharama yake ni barabara, ni saa tatu kutoka Denver hali ya hewa ikiwa nzuri, au unaruka mpaka Hayden karibu na hapo kwa tiketi ya bei zaidi. Watu wanaiacha kwa sababu ya hizo saa tatu. Saa tatu za gari mara moja, au usiku tano za kukodoa macho, mimi naona hesabu ipo wazi.

Njia nyingine ya Colorado ni kulala Boulder, mita 1,655, na kuskii Eldora, mlima mdogo wa siku moja moja, kama kilomita 34 kutoka mjini. Kwa watoto wanaojifunza inatosha kabisa, mtoto wa miaka sita hajali kilele, anajali kile kizulia kinachompandisha na chokoleti ya moto. Tena hata kama bado unaitaka Breckenridge, kulala Denver au Boulder usiku mbili kwanza kunapunguza makali, manake figo zinapata muda wa kutoa baikaboneti kwenye damu, yani kurekebisha damu baada ya hewa ukaa kupungua, na pumzi inatulia. Ndio maana usiku wa tatu wa nne wengi wanaanza kulala. Na ndio maana safari za siku nne juu zinaumiza, mwili unazoea siku ya kufunga mabegi.

Utah ndiko pazuri zaidi kwa tatizo hili, na sielewi kwa nini watu wetu hawaisemi. Salt Lake City ipo mita 1,288. Kitongoji cha Sandy, mlangoni mwa bonde la resoti za Alta na Snowbird, ni kama 1,360, na kutoka hapo mpaka juu ni kama nusu saa theluji isipozidi. Unaskii Alta ambayo chini yake ni mita 2,600, jioni unashuka zaidi ya mita 1,200 kwenda kulala. Hiyo ndio panda juu ulale chini yenyewe, kwa gari. Ubaya wake, ile barabara ya bonde hufungwa theluji ikitishia kuporomoka, na Jumamosi foleni inaanza alfajiri. Alta na Deer Valley, resoti nyingine ya huko Utah, pia hawaruhusu snowboard, ule ubao mmoja wa kutelezea, kama una kijana wa miaka kumi na tano muulize kwanza. Park City yenyewe ni kama mita 2,100, sawa na Steamboat, inafaa ukitaka kutoka mlangoni uingie kwenye lifti ya kukupandisha mlimani.

Kwingineko nipite haraka. Lake Tahoe ziwa lipo mita 1,897, Jackson Hole chini ni 1,924, zote zinalalika kwa wengi. Mammoth ya California mji wake ni 2,400, hapo pa kufikiria. Whitefish ya Montana mji upo chini ya mita 1,000. Canada ni raha kwa mtu wa hivi, Banff mji ni 1,383, na Whistler kijiji kipo mita 675 tu huku lifti zikikupeleka mpaka karibu 2,284, presha ya kitandani ni zaidi ya asilimia 90 ya pwani. Ila Whistler kijijini hunyesha mvua badala ya theluji mara nyingi tu, na mtoto akiloana saa nne asubuhi siku imekwisha, hilo nalo lihesabu.

Walioko Ulaya wana nafuu, vijiji vingi vya Alps vipo chini ya mita 1,900: Chamonix 1,035, Zermatt 1,620, St. Anton 1,304, Kitzbühel 760. Wa kuangalia ni Val Thorens, mita 2,300, na Tignes, 2,100. Lakini huko kuna mvutano ambao Colorado haupo sana, ukishuka chini theluji nayo inapungua, na miaka hii vijiji vya mita 800 au 1,000 vinaweza kukaa Krismasi nzima na majani yanaonekana. Kwa Ufaransa napenda kijiji cha katikati, Méribel 1,450 kwa mfano, ambapo unalala na lifti zinakutoa hapo kukupeleka kwenye theluji ya uhakika juu.

Kuna mtego mmoja wa kifamilia katika haya yote. Shule za ski zinaanza asubuhi, mtoto mdogo anahitaji buti, glavu, helmeti, choo mara mbili kabla ya kutoka, na kila dakika ya gari ni kilio. Kwa hiyo kitanda cha chini kilicho saa moja na nusu kutoka mlimani kinaweza kukuchosha kuliko hata kukosa usingizi. Nusu saa mpaka dakika arobaini ndio mwisho wangu. Na ukipiga simu hotelini usiulize resoti ipo futi ngapi, uliza jengo lenyewe lipo futi ngapi, manake kuna sehemu kama Telluride ambapo mji upo 2,667 na kijiji cha juu kinachobeba jina hilo hilo ni kama 2,900. Au chukua anwani uiweke kwenye ramani ya simu inayoonyesha mwinuko.

Kama umeshalipa na hakuna kurudisha, ongea na daktari wako kabla ya safari kuhusu asetazolamaidi, ile inayojulikana kwa jina la Diamox. Inafanya mapema kazi ambayo figo zingeichukua siku mbili tatu, na kukatika kwa pumzi kunapungua sana. Kwa kawaida wazima hupewa miligramu 125 mara mbili kwa siku kuanzia siku moja kabla ya kupanda, vidole vinawashawasha, soda inakosa ladha, na mwenye mzio wa dawa za salfa aseme mapema. Pombe siku mbili za kwanza iache kabisa, inazidi kuizubaisha pumzi usingizini, na dawa za usingizi usizichukue kwenye kabati tu, baadhi zinafanya hivyo hivyo. Anayetumia CPAP, ile mashine ya kusaidia pumzi usingizini, aende nayo. Kile kimashine cha kubana kidole kinachopima oksijeni ya damu kikikuonyesha asilimia 91 badala ya 98 ukiwa mzima huna dalili, usikimbilie hospitali, huko juu ndivyo inavyokuwa.

Sasa hili naomba lisomwe taratibu, kwa sababu makala za Wazungu hulipita haraka na sisi linatuhusu. Selimundu, yani sickle cell. Mtu mwenye ugonjwa wenyewe, miinuko ya namna hii inaweza kumletea maumivu makali na hatari, asipange safari bila daktari wake wa damu. Na hata anayebeba kinasaba kimoja tu, ambaye maisha yake yote hajawahi kuumwa, mara chache huko juu wengu wake hukosa damu, anapata maumivu makali upande wa kushoto chini ya mbavu. Hayo sio ya kunywea panadol, ni ya kwenda hospitali na kuwaambia madaktari wewe mwenyewe neno sickle cell. Watoto waliozaliwa Marekani hupimwa wakiwa wachanga, majibu yapo kwa daktari wao. Sisi wazazi tuliokuja wakubwa wengi hatujui hali zetu, na kipimo ni cha damu tu.

Kwa mtoto asiyejua kusema bado, dalili ni kulia kusiko kawaida, kukataa kula, kutolala, kutapika. Vijana wataficha ili wasikose kuskii. Yeyote, mkubwa au mdogo, akihema akiwa amekaa tu, akikohoa mfululizo, akiyumba akitembea au akichanganyikiwa, hiyo sio habari ya usingizi tena, ni maji kwenye mapafu au ubongo kuvimba, ni oksijeni na kushuka chini usiku huo huo.

Familia moja ya karibu na mimi inakwenda Februari, baba ni yule wa dirishani saa tisa, watoto wawili wanaanza kujifunza, na bibi anakuja kutoka Tanga, ana presha ya kupanda na hajawahi kuona theluji. Wamechukua apatimenti Sandy. Siku mbili za kwanza wanabaki chini, watoto wacheze na theluji ya bustanini, alafu baba na mama wanapanda na watoto Alta kwa zamu, na daktari wa bibi ataulizwa kwanza kama bibi naye apelekwe juu mchana mmoja akaione, ale chakula cha mchana pale hotelini, kabla ya giza awe ameshashuka.